Daraja la kwanza kwenye treni ya kazini: unanunua afya au unanunua kiti?

Leo kwenye ukurasa wetu wa afya sitazungumzia presha wala sukari moja kwa moja, ingawa zote mbili zitapita humo humo. Nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaoishi hapa Uingereza tunalifanya kila siku bila kulipima, nalo ni safari ya treni ya kwenda na kurudi kazini. Wenzetu wengi wamehamia miji ya mbali ambako nyumba zina nafuu, lakini kazi zimebaki London. Na swali wanaloniuliza ni moja: je, kulipia daraja la kwanza kunasaidia afya, au ni kutupa pesa?

Nimeamua kuandika kwa sababu ya dada yetu mmoja ambaye sitamtaja jina. Ni muuguzi mwenzangu, ana mimba ya miezi saba, na kila asubuhi anapanda treni ya karibu saa nzima kuja London. Treni ikifika stesheni yake imeshajaa, kwa hiyo anasimama. Siku moja kizunguzungu kilimshika akaanguka pale pale mlangoni. Abiria wakampa kiti na maji, akapelekwa hospitali kuangaliwa, na tunashukuru Mungu yeye na mtoto wako salama.

Nilipompigia simu kumpa pole akaniambia, "Kaka, mimi nilitaka kununua daraja la kwanza tangu mwezi wa tano, lakini shemeji yako anasema hiyo ni anasa, na sisi tuna nyumba tunajenga Kibaha." Shemeji akachukua simu. "Wewe ndiye mtu wa afya," akasema. "Mwambie ukweli. Inalipa au hailipi?"

Nilimjibu kwa kifupi siku ile. Leo nataka nimjibu kwa kirefu, na wewe msomaji usikilize, maana huenda uko kwenye treni hiyo hiyo.

Nililipia mwaka mzima, nikajifunza

Kabla sijatoa maoni yangu niseme kwamba mimi mwenyewe nimewahi kununua. Naishi Swindon na nafanya kazi hospitali London, zamu za saa 12, nyingi zikiwa za usiku. Treni ya haraka kutoka Paddington inachukua karibu saa moja. Baada ya miaka kadhaa ya kusimama na kubanana nikasema potelea mbali, nikakata tiketi ya mwaka ya daraja la kwanza.

Wiki za mwanzo nilijiona mfalme. Kiti kipana, pembeni kimya, chai ipo, biskuti zipo. Nililala vizuri sana, vizuri kupita kiasi. Mara mbili nilipitiliza Swindon nikaja kuamka Bristol Parkway, nikashuka na kungoja treni ya kurudi huku macho yamevimba kama mtu aliyepigwa.

Baada ya miezi kama sita nikaenda kupima afya. Presha imepanda. Uzito umeongezeka kilo nne. Na usingizi ulikuwa ule ule wa mang'amung'amu. Nikajiuliza, hivi nimelipia nini?

Nikakaa na kalamu. Zamu inaisha asubuhi, treni naipata saa 3, nyumbani naingia saa 4 na nusu. Mpaka nioge na nile, ni saa 5 asubuhi. Saa 10 alasiri lazima niamke nijiandae tena. Hapo nimelala saa 5, nikiwa na bahati, watoto wakiwa shule na jirani hapigi nyundo. Mtu mzima anahitaji kati ya saa 7 na 9. Kile kiti kizuri hakikuniongezea hata dakika moja kitandani. Treni ya daraja la kwanza na ya daraja la kawaida ni treni moja, zinafika pamoja.

Huo ndio msingi wa maoni yangu. Kinachotuumiza ni urefu wa safari na upungufu wa usingizi, na hayo mawili hayabadiliki kwa kubadili behewa.

Tupige hesabu kidogo

Bei zinatofautiana kwa kila njia, lakini daraja la kwanza kwa kawaida ni karibu mara moja na nusu ya bei ya kawaida, na kwingine ni zaidi ya hapo. Tuseme kwa mfano tu kwamba kwako tofauti ni pauni 60 kwa wiki. Tiketi ya mwaka huuzwa kwa bei ya wiki 40, kwa hiyo 60 mara 40 ni pauni 2,400 za nyongeza kwa mwaka.

Sasa tuseme kila saa unayofanya inakuachia pauni 12 mkononi baada ya kodi. Pauni 2,400 ni saa 200 za kazi. Ni zamu karibu 17 za saa 12. Yaani, ndugu yangu, unakwenda kubeba boksi zamu 17 za ziada ili upate mahali pazuri pa kupumzikia uchovu wa zamu. Kiafya hesabu hiyo haikubali.

Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba tiketi ya daraja la kwanza haikuhakikishii kiti. Saa za msongamano unaweza kuilipia na bado ukasimama mlangoni, tofauti yako na wengine ikiwa ni kipande cha karatasi mfukoni.

Wapo wanaoniambia wanalipia kwa kuogopa damu kuganda miguuni. Ni kweli kukaa muda mrefu bila kujinyoosha kuna hatari hiyo, lakini inayotajwa zaidi ni safari za saa nyingi, kama ndege ya kwenda Dar au Nairobi. Kwa treni ya saa moja, kusimama mara moja ukatembea kidogo na kuchezesha vifundo vya miguu kunatosha kwa mtu asiye na tatizo lingine. Wengine wanakimbia mafua na korona. Kuna watu wachache zaidi kule, sawa, lakini mshika chuma cha mlangoni ni yule yule. Nawa mikono ukifika.

Suala la heshima

Hapa nitawagusa baadhi, mnisamehe. Kuna wanaonunua daraja la kwanza kwa sababu ya jina lake.

Sishangai. Marehemu baba alikuwa akisafiri kwa Reli ya Kati kutoka Tabora kwenda Dar es Salaam akiwa daraja la tatu, amekalia gunia lake la mpunga ili lisiibwe. Na kabla ya hapo, enzi za mkoloni kwenye reli za kwetu, kila mtu alijua mpangilio ulivyokuwa: Mzungu la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu. Mtoto wa mtu aliyekalia gunia akikaa kwenye kiti chenye namba moja ukutani, moyo lazima ucheke. Naelewa, na wangu ulicheka.

Lakini kumbuka Waingereza wenyewe hawakuona haya kubadilisha majina. Daraja la tatu walilipa jina la daraja la pili mwaka 1956, na mwaka 1987 la pili likaitwa la kawaida. Na sehemu nyingine wamelifuta kabisa la kwanza. Treni za Elizabeth line zilizoanza mwaka 2022, zinazofika mpaka Reading, hazina daraja la kwanza. Chiltern na c2c hazina, na Southeastern wameliondoa Desemba 2022. Humo anapanda wakili na mfagizi, wanakaa bega kwa bega.

Halafu kuna ile ya kupiga picha na kuirusha kwenye grupu la ukoo, kikombe cha chai mezani na mashamba ya Uingereza dirishani. Kesho yake asubuhi binamu watatu wameandika wanaomba ada ya shule. Hiyo nayo ni gharama ya daraja la kwanza, na presha yake daktari haioni kwenye kipimo.

Lakini shemeji naye amekosea

Sasa niseme upande wa pili, maana shemeji asije akasoma mpaka hapa akafurahi.

Sisi watu wa ughaibuni tuna ugonjwa mwingine, nao ni kuhesabu kila senti inayotumika kwa mwili wetu kuwa ni anasa. Viatu vya kazi vya bei poa mpaka mgongo unauma, chakula cha jana, koti la mwaka juzi, ilimradi kule nyumbani tofali zinapanda. Nyumba inakwisha, na mwenye nyumba anakwenda kuiona akiwa na fimbo mkononi. Kumwacha mama mwenye mimba ya miezi saba asimame saa nzima kila siku ili kuokoa pesa ya bati ni hesabu mbovu. Wakati wa mimba presha ya mama inaweza kushuka ghafla, na kusimama muda mrefu mahali pa joto pasipo hewa ni njia rahisi ya kuzimia. Tumeshaona.

Na uchungu wake ni kwamba dada yetu hakuhitaji kununua kitu chochote. Kwenye treni kuna viti vilivyotengwa kwa wajawazito, wazee, walemavu na wagonjwa, na ana haki ya kumwomba mtu ampishe. London wanatoa bure beji ya wajawazito yenye maneno "Baby on board". Zaidi ya hapo, baadhi ya kampuni za treni humruhusu mjamzito mwenye tiketi ya msimu ya kawaida kwenda kukaa daraja la kwanza akikosa kiti, bila kulipa zaidi, ila huenda ukatakiwa kuomba kibali mapema. Nilipomwambia akanyamaza kwenye simu. "Kaka, mimi nilikuwa naona aibu kuomba," akasema.

Aibu hiyo ndiyo nataka tuizike leo. Kwetu tumefundishwa kumpisha mkubwa na mjamzito bila kuombwa, kwa hiyo tunangoja na sisi tupishwe. Hapa mtu ameinamia simu yake, hakuoni. Hana ubaya, lakini lazima umwambie. Sema kwa upole, "Samahani, naomba kukaa, ni mjamzito." Tangu niishi nchi hii sijaona mtu akikataa.

Ni nani basi alipie?

Kwa maoni yangu, daraja la kwanza lina maana kwa watu wafuatao:

1. Mgonjwa au mwenye maumivu ambaye hawezi kusimama, na amejaribu njia za viti maalum zikashindikana. Huyu asione haya. Afya yake ndiyo mtaji wa familia nzima.

2. Anayetoka zamu ya usiku ya mwisho, miguu imevimba, na mbele yake kuna safari ndefu kwenye treni anayojua haina kiti. Huyu hana haja ya tiketi ya mwaka. Aulize stesheni, kabla hajapanda, kama anaweza kulipa nyongeza ya siku ile moja tu. Ni heri hiyo kuliko kuamua kuendesha gari. Mtu aliyekaa macho saa 17 na zaidi anaendesha kama mtu aliyekunywa pombe, na sisi wa naiti tunazifikisha saa hizo bila kujua.

3. Anayesoma. Kama una kozi yako na safari ni zaidi ya saa moja kila upande, na kweli unafungua kitabu badala ya kuangalia muvi, basi meza na ukimya vina thamani. Jipime kwa mwezi mmoja kabla hujakata ya mwaka.

4. Anayesafiri mara moja moja saa zisizo na msongamano. Tiketi za kukata mapema wakati mwingine zina tofauti ndogo sana ya bei. Angalia zote mbili kabla hujalipa.

Nje ya hao, hasa kama safari yako ni fupi, acha. Kutoka Reading treni ya haraka inafika Paddington chini ya nusu saa. Kulipia daraja la kwanza kwa muda huo ni sawa na kukodi hoteli ili ufunge kamba za viatu.

Na tafadhali usijaribu kukaa kule kwa tiketi ya kawaida ukitegemea mkagua tiketi hatapita. Tangu Januari 2023 faini kwenye treni za England ni pauni 100 juu ya nauli ya safari, inapungua kuwa 50 ukilipa ndani ya siku 21. Faini yenyewe si kesi, lakini kukwepa nauli kwa makusudi kunaweza kukupeleka mahakamani, na hiyo ni jinai. Kwa wewe unayesubiri uraia, au wewe muuguzi mwenye usajili wako, kumbukumbu ya namna hiyo inaweza kukuletea maswali kwa miaka. Kama wametangaza kwamba daraja la kwanza limefunguliwa kwa wote, kaa. Kama hawajatangaza, simama.

Pesa hiyo ifanye nini?

Mimi nilipoacha daraja la kwanza ile nyongeza nilifanya mambo matatu, na nakushauri uyafikirie.

La kwanza, nilimwomba bosi wangu anipange zamu tatu za usiku mfululizo badala ya kuzitawanya. Tangu tarehe 6 Aprili 2024, mwajiriwa hapa ana haki ya kuomba mabadiliko ya saa au mahali pa kazi kuanzia siku yake ya kwanza, na mwajiri anatakiwa kumjibu ndani ya miezi miwili. Anaweza kukataa, lakini lazima awe na sababu. Andika barua. Wengi wetu tunalalamika kantini tu na barua hatuandiki.

La pili, nilikubaliana na jamaa yangu anayeishi dakika 20 kutoka hospitali, nalala kwake mara mbili kwa wiki katikati ya zamu zangu. Namlipa, na namlipa chini ya ile nyongeza niliyokuwa nalipa. Siku hizo nalala saa 7 kamili, pazia zito, simu imezimwa.

La tatu, nilibadilisha tiketi. Kama huendi kila siku, ulizia Flexi Season, iliyoanza mwaka 2021, inayokupa siku 8 za kusafiri ndani ya siku 28. Na treni ikichelewa, dai fidia kupitia Delay Repay. Kampuni nyingi zinaanzia dakika 15. Ni pesa yako, na tunaiacha mezani kwa uvivu wa kujaza fomu.

Kisha nikaanza kushuka na kutembea. Kutoka Paddington sipandi tena basi, natembea haraka haraka dakika 15, na kurudi vivyo hivyo. Ukifanya hivyo siku tano kwa wiki unapata dakika 150, ambazo ndizo wataalamu wa afya wa hapa wanazomshauri mtu mzima. Bure, na hakuna wa kukukagua tiketi. Kilo tatu kati ya zile nne zimeondoka. Presha bado naifuatilia, siwezi kusema imekwisha, lakini imeshuka.

Dada yetu sasa ana beji yake kwenye koti na kibali chake kwenye pochi, anakaa. Shemeji ndiye anayemsindikiza stesheni asubuhi, na nasikia juzi amemnunulia viatu vipya vya kazi. Bati za Kibaha zitangoja kidogo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujaongeza pesa kwenye tiketi, jiulize swali moja: itaniongezea usingizi, au kiti tu? Kama ni kiti tu, na mwili wako unaweza kusimama, simama. Kama mwili wako hauwezi kusimama, usikubali kusimama kwa sababu ya aibu wala kwa sababu ya tofali.

Haya ni maoni yangu na hayachukui nafasi ya daktari wako. Ukizimia, ukivimba mguu mmoja ghafla, au ukipata maumivu ya kifua, usiandike kwangu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tukijaliwa tutaonana tena. Nawatakia safari njema na afya njema.